Darubini ya inchi 8 Goba: kuba la tangi, slabu ya moto na stendi inayogoma

Swali

Mwalimu, shikamoo. Naishi Goba kwenye nyumba ya ghorofa moja, na juu nimeacha slabu wazi ya kuanikia nguo. Kaka yangu aliyekuwa Uingereza ameniletea darubini ya kioo ya inchi 8, pamoja na stendi yake nzito yenye vyuma vya kusawazisha uzito. Nataka kujenga kibanda cha kudumu juu ya slabu ili nisiibebe kila usiku. Fundi anashauri tukate kichwa cha tangi la maji la plastiki la lita 5,000 liwe kuba. Tatizo majirani wana taa kali, mawingu hayaishi, sayari ya Mshtarii nikiiangalia inachemka kama uji, na stendi yenyewe inagoma kulala inavyotakiwa. Je, Dar inafaa kweli kwa kazi hii, au nitamwaga hela bure?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Hela haitamwagika bure, ila mwambie fundi aweke msumeno chini kwanza.

Umeanza na taa za majirani ukamalizia na stendi. Mimi ningeanzia huko mwisho. Nimeangalia nyota kutoka jiji hili zaidi ya miaka ishirini, kwanza Tabata na sasa Kigamboni, na taa za mtaani nimezizoea kama mtu anavyozoea honi za daladala. Kinachowavunja moyo wenye darubini wengi hapa Dar ni joto lililojificha ndani ya zege, halafu unyevu unaokula vioo kimyakimya. Hayo mawili ukiyadhibiti, una anga ambalo kaka yako hakuwahi kuliona kwa miaka yote aliyokaa Uingereza.

Tuanze na huo uji. Slabu yako inapigwa jua kutwa nzima, na zege halisahau haraka. Giza likiingia linaanza kulirudisha lile joto polepole, hewa iliyo juu yake inapanda kwa mawimbi, na darubini yako inatazama katikati ya mawimbi hayo. Ni jambo lile lile unaloliona saa nane mchana ukitupa macho mbali kwenye lami ya Barabara ya Bagamoyo, isipokuwa darubini inalikuza mara mia.

Tabata nilikuwa na slabu kama yako. Usiku mmoja niliielekeza darubini kwa Mshtarii saa mbili, nikaona kitu kama sarafu iliyo chini ya maji yanayotembea: ukingo unacheza, mikanda ya mawingu yake haishikiki. Nikavuta kiti nikakaa. Saa tano mikanda miwili ikatulia. Saa saba usiku nikaliona Doa Jekundu, ile dhoruba pana kuliko Dunia yetu, likiwa limekaa kwenye ukingo wa mkanda wa kusini kama punje ya harage. Kesho yake nikaishusha darubini ile ile uani, nikaiweka kwenye majani karibu na mchaichai, na saa mbili na nusu tayari nilikuwa na picha ambayo jana yake niliisubiri mpaka saa saba. Majani na udongo havitunzi joto kama zege. Tangu siku hiyo sijapanda tena juu.

Kosa la pili la slabu ni kutikisika. Wewe ukitembea huhisi kitu, lakini darubini inahisi. Nikiwa naangalia Zohali kwa ukuzaji wa mara 200, binti yangu alikuwa akipanda kuanua nguo, na kila hatua yake niliiona angani: sayari inaruka, inatetemeka, inachukua sekunde tatu au nne kutulia, kisha hatua nyingine. Kama kweli huna uwanja hata wa mita tatu kwa tatu, basi darubini isimame pale tu ambapo nguzo ya nyumba inapanda kutoka kwenye msingi, kamwe isiwe katikati ya chumba cha chini. Na alasiri umwage maji juu ya slabu, yakikauka yataondoka na sehemu ya joto. Lakini ukiwa na uwanja, shuka chini. Goba wengi wana uwanja.

Nikiwa hapo hapo kwenye joto: usiihifadhi darubini kwenye chumba chenye kiyoyozi. Vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi vinaonya kuhusu kuitoa darubini kwenye nyumba yenye joto kuipeleka nje kwenye baridi. Kwetu mambo yanageuka. Ukiitoa kwenye chumba cha nyuzi 22 ukaifungua nje penye unyevu wa pwani, kioo kinaloa palepale kama chupa ya soda iliyotoka friji. Ikiwa huna mahali pengine, itoe ikiwa imefunikwa vizuri na uiache hivyo saa nzima kabla ya kufungua.

Sasa swali lako kubwa, kama Dar inafaa.

Tupo karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Jua, Mwezi na sayari hutembea angani ndani ya ukanda mmoja mwembamba, na kwetu ukanda huo unapita juu ya kichwa. Ndiyo maana mwanzoni mwa Machi, na tena kabla ya katikati ya Oktoba, adhuhuri Jua linakupiga utosini kabisa na kivuli chako kinaingia chini ya miguu. Sayari nazo zinafuata njia hiyo hiyo. Zikiwa upande wa kusini kabisa wa ukanda, mtu wa London anaziona zikipanda nyuzi kama 15 tu juu ya upeo, ndani ya moshi na mvuke wote wa dunia. Wewe wa Goba unaziona kwenye nyuzi 73. Zikiwa upande wa kaskazini kabisa, bado zinakufikia nyuzi 60. Mwanga wa sayari iliyo utosini unapita kwenye tabaka jembamba la hewa kuliko ule wa sayari iliyo karibu na upeo, kwa hiyo picha inakuwa tulivu zaidi. Kwa Mwezi na sayari, mtu wa Dar amependelewa, na hilo halihitaji giza la porini hata kidogo. Taa za majirani haziigusi Zohali.

Ndio ukanda huo huo unaofanya mwezi mwandamo wetu uonekane umelala kama dau, pembe zote mbili juu, wakati picha za vitabuni zinauonyesha umesimama ubavu. Huku njia ya Mwezi inashuka magharibi karibu wima.

Kundi la nyota la Jabari (Orion) nalo linapita juu yetu. Januari na Februari, baada ya Isha, lala chali kwenye mkeka uangalie zile nyota tatu za mkanda wake. Chini yake kidogo kuna Nebula ya Jabari, wingu la gesi ambamo nyota zinazaliwa, na hilo linapita chini ya nyuzi 2 kutoka utosini mwako. Rigel, nyota ya mguuni, pia chini ya nyuzi 2, ila upande wa pili. Hata kutoka Goba, kwa kioo cha inchi 8 na lenzi ya jicho ya milimita 25, utaona wingu la kijivu lenye mbawa mbili, na katikati nyota nne zimebanana kama mbegu. Usitegemee rangi za kwenye picha, jicho letu gizani halioni rangi za vitu hafifu.

Kuanzia Aprili mpaka Juni, geukia kusini. Msalaba wa Kusini unafika nyuzi 37 hivi, kando yake kuna Alpha Centauri, ambayo kwa jicho ni nyota moja na kwa darubini ni mbili za manjano. Juu zaidi, kwenye nyuzi 49, kuna Omega Centauri, mpira wa nyota mamilioni ambao Uingereza haupandi kabisa juu ya upeo. Mtu wa huko hata awe na darubini ya bei gani, hauoni. Julai na Agosti kundi la Nge linakaa karibu na utosi, na kando ya mkia wake ndiko iliko katikati ya galaksi yetu. Na kwa kuwa tupo karibu na ikweta, kaskazini nako hatujanyimwa: galaksi ya Andromeda inatupandia mpaka nyuzi 42. Usiku wetu nao ni wa karibu saa 12 mwaka mzima. Saa moja na robo hivi baada ya jua kuzama giza limekamilika, Juni sawa na Desemba. Unaweza kufanya kazi ya maana kuanzia saa mbili, ukalala saa tano, ukaenda kazini asubuhi.

Tuje kwenye stendi. Haijaharibika, imetengenezwa kwa ajili ya kwingine. Aina hiyo ina mhimili ambao lazima uelekezwe kwenye ncha ya anga, ile sehemu ambayo nyota zote zinaonekana kuizunguka, na kiasi cha kuinama kwake ni sawa na umbali wako kutoka ikweta kwa nyuzi. Uingereza ni zaidi ya nyuzi 50. Kwako ni chini ya 7, karibu kulala kabisa. Nyingi hazifiki huko, na zinazofika, chuma cha uzito kinagonga mguu wa stendi darubini ikizunguka.

Kuna njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni kumpa fundi wa kuchomelea akutengenezee kabari ya chuma ya nyuzi 20, uifunge chini ya kichwa cha stendi upande wa kusini ukiwa umeshuka. Hapo skeli ya stendi utaisoma 27 wakati mhimili wenyewe uko kwenye 7. Miguu mitatu uitupe, uweke nguzo moja nyembamba ya zege au bomba nene, ili chuma cha uzito kipite pembeni bila kugonga kitu.

Ya pili, na ndiyo ningeifanya mimi mwaka wa kwanza, ni kuiacha stendi hiyo kabatini na kumwita seremala. Darubini za Dobson, zilizopewa jina la John Dobson wa Marekani, zinakaa kwenye sanduku la plaiwudi linalozunguka sakafuni na kuinama juu na chini, basi. Hakuna mhimili wa kulenga, hakuna mota. Seremala yeyote wa Goba atalitengeneza siku mbili. Pale mbao zinaposuguana weka vipande vya ubao wa plastiki wa kukatia nyama jikoni, vinateleza vizuri ajabu: unasukuma kwa kidole, ukiacha inasimama. Kasoro yake moja inatuhusu sisi watu wa ikweta hasa. Kitu kikiwa utosini kabisa, sanduku halijui ligeukie wapi, unalisukuma na linagoma. Dawa ni saa. Anga linasogea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo iangalie Nebula ya Jabari saa moja kabla au saa moja baada ya kufika utosini. Hizo darubini janja za siku hizi zenye kamera ndani nazo zinahangaika kwenye eneo hilo hilo, picha inazunguka haraka mno.

Ukiamua kutumia nguzo na mhimili, unahitaji kuijua kusini halisi. Nyota ya kaskazini hatuioni kamwe, na ncha ya kusini ipo nyuzi 7 tu juu ya upeo, nyuma ya miembe na mapaa, kwenye sehemu isiyo na nyota angavu. Dira ya simu itakupa kusini ya sumaku, si hiyo. Mimi natumia timazi ya fundi mwashi. Mwishoni mwa Juni, ning'iniza timazi kwenye fremu ya mbao kiasi cha mita 2 juu ya sakafu tambarare. Saa 6 na dakika 25 mchana, siyo saa 6 kamili, kivuli cha uzi kitalala sawasawa kusini na kaskazini. Chora mstari wake kwa chaki. Dakika hizo 25 zinatokana na saa yetu kufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambapo Dar ipo kama nyuzi 39, na tofauti hiyo Jua linaivuka kwa dakika kama 23. Nyingine mbili ni za Juni yenyewe. Februari katikati inakuwa saa 6 na dakika 37, na Novemba mwanzoni saa 6 na dakika 7. Juni ni nzuri kwa sababu Jua lipo kaskazini na kivuli ni kirefu zaidi ya mita 1. Machi na Oktoba usijisumbue, kivuli hakuna.

Mstari huo utakufikisha ndani ya nyuzi moja. Kilichobaki unakimaliza usiku: lenga nyota iliyo karibu na utosi, washa mota, usiguse kitu kwa dakika tano. Ikielea kaskazini au kusini, geuza kichwa cha stendi kidogo kushoto au kulia, jaribu tena. Ikizidi kuelea, umegeuza upande usiofaa, rudi. Kisha chagua nyota iliyo chini mashariki ufanye vivyo hivyo kwa kupandisha na kushusha. Jioni mbili zinatosha, na nguzo ikiwa ya zege hutarudia tena.

Sasa banda. Namheshimu fundi wako, wazo la tangi ni la mtu anayefikiri. Lakini tangi lenyewe ni jeusi, litanywa joto mchana kutwa na kulitapika juu ya darubini yako jioni. Duara lake si kamili, likizunguka kwenye magurudumu litakwama. Na mfuniko wake upo katikati kabisa, yaani utosini, sehemu ile ile niliyokueleza ndiyo bora kuliko zote. Kuba linafaa penye upepo wa baridi na theluji. Sisi tunahitaji banda ambalo paa lake lote linaondoka.

Na hapa mafundi wetu wanaweza kukufanyia kazi nzuri kuliko unavyodhani, kwa sababu wameshaitengeneza mara elfu. Paa linaloteleza ni geti la kuteleza lililolazwa. Magurudumu ni yale yale ya geti yenye mfereji katikati, reli ni chuma cha pembe kilichogeuzwa mgongo juu. Banda la mita 2.5 kwa 2.5, kuta za mita 1.5 ili zikukinge na upepo wa kusi na taa za jirani, reli zitoke nje ya ukuta mita 2.5 nyingine zikishikwa na nguzo mbili. Upande wa kutolea paa uwe kaskazini, maana kusini unakuhitaji, paa lisikuzibe. Bati jepesi, lipakwe rangi nyeupe juu. Matundu ya hewa chini na juu yenye wavu wa mbu, la sivyo mchana litakuwa tanuri. Kulabu nne za kulifungia paa, kwa sababu upepo wa vuli unaweza kulibeba. Mbao zipakwe dawa ya mchwa kabla ya kupigwa msumari. Pima hivi: mtu mmoja aweze kulifunga paa ndani ya nusu dakika. Mvua ya pwani haipigi hodi.

Nguzo ya darubini ichimbiwe karibu mita moja, na isiguse sakafu ya banda. Acha mwanya wa vidole viwili kuizunguka nguzo, ujaze mchanga. Hapo utatembea utakavyo na Zohali haitaruka.

Kuna jambo moja sitalizungusha. Paa likifunguliwa mchana, darubini iwe na vifuniko vyake vyote. Kioo cha inchi 8 kikilielekea Jua kinaunguza mbao, na jicho la mtoto aliyechungulia haliponi. Kuangalia Jua kunahitaji kichujio maalumu kinachokaa mbele ya darubini, upande wa angani. Vile vya kuskrubu kwenye lenzi ya jicho vitupe, vinapasuka kwa joto.

Unyevu. Darubini yangu ya kwanza niliiweka kabatini pamoja na nguo za baridi masika yote. Nilipoitoa Juni, ndani ya lenzi ya jicho kulikuwa na nyuzi nyeupe zimetambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, kama utando wa buibui mdogo. Ilikuwa kuvu. Inakula ile rangi nyembamba iliyopakwa kwenye lenzi, na ukiifuta alama inabaki. Nililia, sikuwa na hela ya nyingine. Tangu hapo lenzi zangu zote zinalala kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa mpira, pamoja na vifuko vya silika, vile vidogo vinavyokuja na viatu vipya, lakini vingi, na kila baada ya miezi miwili navikausha kwenye moto mdogo. Kioo kikubwa hakiingii kwenye chombo, kwa hiyo bandani funga balbu ndogo inayotoa joto, iwake usiku wa mvua karibu na bomba la darubini. Balbu hizi mpya za kuokoa umeme hazifai, hazina joto.

Kioo chenyewe usikifute. Vumbi la mwaka mzima linapunguza mwanga kidogo sana, ila kitambaa kinachora mikwaruzo ya milele. Likizidi kabisa, baada ya mwaka au miwili, kitoe, kimwagilie maji mengi, tone moja la sabuni ya vyombo, kisha suuza kwa maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta. Soma lebo kwanza: unataka maji safi ya kuongezea, siyo tindikali. Maji ya kisima usithubutu, visima vingi vya Dar vina chumvi na chumvi hiyo itakauka juu ya kioo. Kisimamishe kwa ubavu kikauke chenyewe. Na dawa ya mbu ya kupaka yenye DEET inayeyusha plastiki na kuacha alama kwenye lenzi, kwa hiyo vaa soksi na mikono mirefu, weka feni miguuni, vidole viwe safi.

Taa na mawingu, kwa kifupi. Mwanga wa mjini unakujia kusini mashariki, kwa hiyo vitu hafifu vya upande huo subiri visogee magharibi. Jirani mwenye taa kali mkaribishe aone Zohali kwanza, ombi la kuigeuzia taa chini lije baada ya hapo. Tochi yako ifunge kitambaa chekundu, macho yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza na mwanga mweupe unayarudisha mwanzo. Ukitaka galaksi na mawingu ya nyota, mara moja moja panda gari uende Kimbiji, Kisarawe au Saadani.

Kuhusu mawingu, wahenga walishakujibu: *Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.* Kile kishada cha nyota kinapotelea magharibi jioni masika yanapomalizika, kikirudi alfajiri ya Juni kiangazi kimeingia. Juni mpaka Septemba ndio msimu wako, kisha Januari na Februari. Ila usiidharau masika. Mvua kubwa ikikatika jioni, hewa imeoshwa vumbi lote, na kwa saa moja au mbili nyota zinakuwa kali kuliko Agosti.

Umeuliza kama inafaa, nami nataka uende mbele ya kuangalia tu. Kuna nyota zinazobadilika mwangaza, na kazi ya kuzipima bado ipo mikononi mwa watu kama sisi. Mwishoni mwa 2019 Betelgeuse, nyota nyekundu ya begani kwa Jabari, ilianza kufifia. Januari na Februari 2020 nilitoka kila usiku ulio wazi bila darubini, nikailinganisha na Aldebaran iliyo jirani. Kwa kawaida Betelgeuse inaishinda. Februari ile ilikuwa imeshindwa waziwazi, iko sawa na Bellatrix ya bega la pili. Baadaye wataalamu walieleza kwamba ilikuwa imetema gesi iliyoganda kuwa vumbi mbele yake. Shirika la AAVSO la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1911, linapokea makadirio ya aina hiyo kutoka kwa yeyote anayefuata utaratibu wake, na lina ramani za bure zenye nyota za kulinganishia.

Anza na Eta Carinae. Mwaka 1843 ilikuwa ya pili kwa mwangaza angani kote, ikafifia, na miongo hii imekuwa ikipanda tena. Ipo nyuzi 37 kusini kwako jioni za Aprili na Mei, Ulaya hawaioni. Na angalia saa: ikiwa saa tano usiku kwako, Sydney kunapambazuka na Chile ni alasiri. Kwenye pwani hii watazamaji ni wachache mno, na makadirio yako ya usiku huo yana nafasi iliyo wazi. Kwa msaada wa hapa nyumbani, yupo Dkt. Noorali Jiwaji, aliyefundisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania na ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwaelimisha Watanzania kuhusu anga. Wengi tunamkumbuka tangu kupatwa kwa Jua kule Rujewa, Mbeya, Septemba 1, 2016, Jua lilipobaki pete.

Una muda wa kujiandaa pia kwa mambo mawili. Jioni ya Desemba 31, 2028 Mwezi utapatwa wote, watu wakiwa tayari nje wakiusubiri mwaka mpya. Na usiku wa kuamkia Aprili 14, 2029, jiwe la angani liitwalo Apophis, pana zaidi ya mita 300, litapita kilomita kama 32,000 tu kutoka kwenye uso wa Dunia, karibu kuliko satelaiti za televisheni, bila kutugusa, na litaonekana Afrika kwa macho matupu likisogea kama nyota inayotembea. Itakuwa masika. Ndiyo maana nataka paa linalofunguka kwa nusu dakika.

Kabla hujanunua mfuko wa saruji, pima uwanja, uone kama kusini kuna mwembe unaofika juu ya nyuzi 20. Halafu uniandikie upana wa sahani ya chini ya kichwa cha stendi na umbali kati ya matundu yake ya boliti, nikuchoree mahali pa kuzichomeka boliti nne kwenye nguzo, maana zege likishakauka fundi atakwambia haiwezekani tena.